Viganja vya Hamidu

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa heshima. "Ndugu yetu Hamidu, yule wa baa, ametutoka leo alfajiri huko Busia. Mazishi ni saa kumi jioni." Nilikuwa jikoni kwangu Machakos, nimesimama na kikombe cha chai, nikausoma mara mbili kabla sijavuta kiti. Kundi letu la simu la watu waliowahi kufanya kazi kwenye ile hoteli ya Dubai Marina siku nyingi halina kitu zaidi ya maombi ya asubuhi na matangazo ya viwanja. Basi zikaanza pole. Pole kwa familia, pole kwa msiba, mikono iliyokunjwa kwa sala. Kisha Kanyi, aliyekuwa msimamizi wa zamu yetu, akaandika: "Sheikh sasa atakunywa bila kujificha." Akaweka nyuso tatu za kucheka. Na watu wazima, wengine wenye wajukuu, wakaongeza za kwao. Mtu alikuwa bado hajaoshwa, na kundi zima linamcheka kwa jambo ambalo hakulifanya hata siku moja. Chai ikapoa mkononi. Nina hasira, na nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani namletea kisa cha kukumbuka ujana kwa tabasamu. Nina hasira na Kanyi, nina hasira na bwana mmoja anayeitwa Alden, na mtu wa tatu ninayemkasirikia nitamtaja nikifika kwake.

Mwaka wenyewe ni 2014, mwaka wangu wa tatu kule. Mbele ya hoteli walikuwa wakimalizia reli ya tramu, na vumbi liliingia hata kwenye glasi zilizofunikwa. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili na nilijiona nimefika, maana nilikuwa nimetolewa kwenye kubeba sinia nikawekwa nyuma ya kaunta, na kizibao cheusi, na beji yenye jina Mumbua ambalo wageni walishindwa kulitamka nami sikuwasaidia. Tuliishi International City, wanawake sita kwenye nyumba ya chumba kimoja na sebule, vitanda vya juu na chini, kila mmoja amejizungushia leso apate pa kuvulia nguo. Upepo ukigeuka uliingia na harufu ya maji taka, na mwenye nyumba alikuwa ametukataza kufungua madirisha kana kwamba harufu hiyo tumeileta sisi. Nyuma ya leso yangu, siku za mapumziko, ndipo nilipojifunza kunywa burboni. Burboni ni wiski ya Wamarekani ambayo zaidi ya nusu yake ni mahindi, na mimi nimekua kwa muthokoi, mahindi ya kukoboa ya kwetu Ukambani, kwa hiyo utamu ule wa mahindi yaliyokaa kwenye pipa lililochomwa ndani ulinifika bila kubisha hodi. Chupa nilikuwa nimeinunua duka la uwanja wa ndege nikirudi kutoka likizo. Kisheria nilihitaji kibali hata kunywa humo chumbani, na kibali sikuwa nacho, kwa hiyo chupa ilikaa ndani ya buti la baridi ambalo Dubai halikuwa na kazi nyingine. Nilikunywa kwa barafu na soda, taratibu, nikisikiliza wenzangu wakizungumza na nyumbani kwenye simu, mmoja akimgombeza dada yake, mwingine akimwimbia mtoto alale. Nikaamini nimeijua wiski yote ya duniani.

Hamidu alikuwa Mganda wa Busia, upande wao wa mpaka, mwenye Kiswahili kizuri cha watu wa mpakani. Alikuwa amenizidi miaka kama minane. Alikuja Dubai akitegemea kazi ya ulinzi, akakuta nafasi zimejaa, wakampeleka baa: barafu, glasi, na kupanga stoo ya vinywaji. Mwislamu wa swala tano, katikati ya chupa. Walimwita Sheikh kwa kejeli, yeye akaitika kana kwamba ni heshima. Mimi nilimwita ssebo, yaani bwana, naye akaniita nyabo, yaani bibi, kama wanavyoitana kwao. Kabla ya Dubai alikuwa akinunua nafaka kwa niaba ya matajiri wa pale mpakani. Lori likifika, yeye ndiye anayepanda juu, anatoboa gunia, anachota kiganja kimoja cha mahindi au wimbi, anasugua viganja viwili pamoja kwa nguvu, anapuliza makapi, kisha anaingiza pua yote mikononi. Hapo atakuambia kama mzigo umenyeshewa njiani, kama umelala ghalani mwaka mzima, kama mtu amechanganya wa zamani na mpya. Matajiri walimwamini kuliko mizani. Nilidhani anajisifu, mpaka siku aliponionyesha.

Ilikuwa saa tisa alasiri, saa mbili kabla ya baa kufunguliwa, saa niliyoipenda kuliko zote kwa sababu hapakuwa na mgeni wa kuniita kwa kupiga vidole. Sanduku la wiski mpya lilikuwa limefika. Hamidu alilifungua stooni, akanyanyua chupa, akaniita. "Nyabo, hii ni nini? Si ile yako." Nikasoma lebo. Ilikuwa wiski ya rai, na si rai tu bali ile ambayo wenyewe huandika "straight", yaani imekaa kwenye pipa jipya miaka miwili au zaidi na haikuongezwa rangi, ladha wala chochote ila maji. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano. Hamidu alikuwa hajawahi kuiona shambani wala sokoni, na mimi pia. Tulifungua moja ya kuweka rafuni. Akaomba tone, nikamtilia kiganjani, kidogo cha kujaza kifuniko. Akasugua viganja vile vile alivyosugua mahindi ya watu, kwa haraka, mpaka pombe yote ikaruka na mikono ikakauka. Kisha akaingiza pua. Alikaa hivyo, macho ameyafumba, mpaka nikaona aibu kumtazama.

"Hii ni nafaka kavu," akasema. "Inanuka ghala asubuhi, kabla watu hawajaingia. Na pilipili manga. Na kuna jani, jani la kijani, sijui ni nini. Ile yako ya mahindi inabembeleza. Hii haibembelezi mtu."

"Na umejuaje na hujaionja?"

"Pombe ikishakwenda inabaki nafaka, nyabo. Nafaka mimi naijua." Akaenda kwenye sinki akaosha mikono kwa sabuni hadi viwikoni, akarudia, maana swala ya alasiri ilikuwa imeingia. Wapo masheikh, aliniambia, wanaosema kuigusa si kitu, na wapo wanaosema ni kitu, na yeye hakutaka kuchagua kati yao, aliosha tu. Kisha akatandika kadibodi safi kati ya rafu ya mivinyo na ukuta.

Nami nikaionja, nikiwa nimempa mgongo. Mfanyakazi hakuruhusiwa kuonja ila siku ya mafunzo, mbele ya meneja, na hata hapo alipaswa kutema. Aliyekamatwa akinywa kazini alifukuzwa siku hiyo hiyo. Nilijaza kifuniko nikakimimina mdomoni nikingoja utamu. Haukuja. Ulikuja ukavu kwanza, kisha ukali wa pilipili manga pembeni mwa ulimi, kisha ubaridi wa mnanaa, kama chai ya tangawizi iliyonyimwa sukari makusudi. Nilikunja uso, nikataka kuitema. Nikajiambia ni wiski mbaya. Nikafunga chupa. Lakini ladha ilikataa kuondoka, na baada ya kupanga glasi mbili tatu nikagundua kwamba kinywa changu kimeamka, kwamba kinataka tena, na kwamba burboni tangu nianze kuinywa ilikuwa ikinilaza. Niliporudia, nilimeza polepole, na nikakuta kila alichosema Hamidu kipo humo, ghala na jani na yote. Mtu ambaye hajawahi kulowesha ulimi kwa pombe alikuwa ameniandikia ramani. Nilicheka peke yangu kama mjinga. Toka siku hiyo kukawa na mchezo wetu wa saa tisa: yeye anasugua na kunusa, mimi naonja kifuniko kimoja, tunalinganisha. Yeye hakukosea. Mimi nilijifunza kazi ambayo baadaye ilinilisha miaka mingi, na nilijifunzia kwenye viganja vyake.

Wengine waliona upande mmoja tu, mtu na mikono yake puani. Chakula cha wafanyakazi kilikuwa chini kabisa, chumba kisicho na dirisha, wali na dengu na kuku wa rangi ya njano, na meza ya Kanyi ilikuwa karibu na ya kwetu ili maneno yatufikie. "Sheikh ananusa sana, wasee," Kanyi alisema siku moja akiwa na mdomo umejaa. "Kunusa tu? Mi nawaambia huyo anapiga kitu." Wakacheka. Hamidu aliendelea kula. Tulipokuwa tunarudisha sinia nikamuuliza kwa nini hawajibu.

"Kuhudumia pombe ni dhambi yangu, nitaijibu mwenyewe siku ikifika," akasema. "Lakini kinywa changu ni safi. Nilimwapia mke wangu kabla sijapanda ndege. Kaka zake hawakutaka nije huku kufanya baa, nyabo. Yeye ndiye aliyenisimamia mbele yao, akasema mume wangu hatakunywa. Hilo tu ndilo ninalolilinda hapa. Mengine Kanyi aseme."

Ijumaa moja, alipotoka msikitini, alipika kalo, ugali wao wa wimbi, kwa unga aliokuwa ametumiwa kutoka nyumbani ndani ya kopo la maziwa ya unga. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia nyumba zetu wala sisi zao, kwa hiyo tulikula nje, kwenye kiwanja cha mchanga kati ya majengo, juu ya boksi la friji lililopasuliwa. Mchuzi wa karanga na samaki mkavu. Alisimulia mke wake anavyosuka mikeka, na bintiye Shamim wa miaka minane, aliyekuwa akiringa kwa wenzake kwamba baba yake anafanya kazi kwenye jengo refu linalogusa mawingu. Unga ule wa wimbi alinipa niunuse kabla haujaingia kwenye maji. Alisugua kidogo viganjani, akaniletea mikono. Nilimshika viganja vyote viwili nikainama. "Sasa sema," akaniambia. Nikasema unanuka ile rai. Akafurahi mpaka akapiga goti lake kwa kofi, kwa sababu ndicho alichokuwa akikisikia yeye siku zote na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Nikikumbuka chakula kile ndipo hasira inapopanda zaidi, kwa sababu najua kilichokuwa kikifanyika wiki ile ile. Mista Alden, meneja wa vinywaji, alikuwa na nyumba ghorofani na karamu zake za marafiki. Rai ile ilikuwa chupa ya bei. Asubuhi moja niliingia mapema kutafuta kizibao changu, nikamkuta stooni peke yake na faneli, amejaza chupa ya rai kwa burboni ya bei rahisi, ile tuliyochanganyia soda. Rai yenyewe, imehamishiwa chupa nyingine, ilikuwa ndani ya mfuko wa dobi pembeni. Aliniona. Akatabasamu, akasema kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, "Mumbua, wewe ni msichana mwenye akili." Nikasema, "Good morning, sir," nikachukua kizibao, nikatoka. Sikumwambia mtu. Hata Hamidu.

Siku tatu baadaye, saa tisa, Hamidu akasugua viganja. Akanusa, akanusa tena, akaniangalia. "Nyabo, wamechanganya." Nikaonja kifuniko. Hapakuwa na haja. Baa nzima hakukuwa na mtu aliyeujua utamu ule kama mimi, niliyelala nao nyuma ya leso miaka miwili. Mahindi matupu, yamejificha nyuma ya lebo ya rai. "Achana nayo, ssebo," nikamwambia. Akashangaa. Kwao Busia mnusaji akikuta gunia limechanganywa analisema hapo hapo, na tajiri humshukuru, kwa sababu aliyeibiwa ni tajiri. Hilo ndilo kosa lake. Alidhani Mista Alden ndiye tajiri aliyeibiwa. "Lazima aambiwe," akasema. "Wageni wanauziwa uongo, na jina la baa ni lake." Ningeweza kumzuia kwa sentensi moja. Ningesema: aliyechanganya ni yeye. Lakini nilikuwa nimeahidi kwa kunyamaza kuwa msichana mwenye akili, na nikaogopa kwamba Hamidu akijua, uso wake utasema. Nikasema tena achana nayo. Akafuta kaunta, akaenda na chupa mkononi.

Tuliitwa haikupita nusu saa. Ofisi ilikuwa chini, karibu na dobi, chumba chenye baridi ya kiyoyozi na kalenda yenye picha ya kipanga ukutani. Mista Alden alikaa kwenye ukingo wa meza. Madam wa rasilimali watu alikuwa na kalamu. Kanyi alisimama mlangoni. Hamidu alisimama katikati, chupa mezani mbele yake, na alikuwa bado na uso wa mtu anayengoja ashukuriwe.

"Mwambie madam ulichoniambia," Mista Alden akasema.

"Sir, hii si rai. Ni burboni, imewekwa ndani."

"Umejuaje?"

"Nimenusa, sir. Kwa mikono."

"Wewe unakunywa wiski?"

"Hapana, sir. Sijawahi."

"Hujawahi kuonja wiski maishani, lakini unajua hii siyo ile." Mista Alden alimgeukia madam kana kwamba anamfafanulia mtoto. "Sasa madam, kama hajawahi kuonja, anadanganya kuhusu chupa. Kama hadanganyi kuhusu chupa, basi amekuwa akiionja. Na yeye ni Mwislamu, na tuko hapa tulipo. Hilo si suala la hoteli tena, ni la polisi." Akamwambia Kanyi amnuse Hamidu mikono. Kanyi akamnusa kama askari wa barabarani. "Inanuka wiski, sir," akasema. "Na nimemwona mara nyingi, sir. Mikono mdomoni."

"Puani," Hamidu akasema. "Puani, Kanyi. Wallahi puani."

Mista Alden akanigeukia. Sauti ilikuwa ile ile ya upole wa asubuhi ya faneli. Alitaka kujua kama mimi nimewahi kuionja chupa hii. Nimepita kwenye swali hilo miaka yote hii kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyoiunguza. Kulikuwa na jibu moja la kumwokoa Hamidu, na lilikuwa ndiyo. Ndiyo, sir, mimi ndiye ninayeonja, yeye hunusa tu, na ni kweli hii ni burboni, na uliiweka wewe. Ningefukuzwa jioni hiyo. Wangepekua chumba wakaikuta ile chupa ndani ya buti. Nilikuwa na mkataba uliobaki mwaka mmoja na nusu, na nilikuwa na kizibao cheusi. Nikasema, "Hapana, sir."

"Na yeye? Umewahi kumwona akinywa?"

Hata hapo palikuwa na mlango. Ningesema hapana tena, neno lile lile, safari hii likiwa kweli, na lisingenigharimu kitu. Nikasema, "Sijui, sir."

Huyu ndiye mtu wa tatu niliyeahidi kumtaja.

Hamidu hakunitazama kwa chuki. Nilitamani angefanya hivyo. Alinitazama kwa kifupi, akaelewa, nadhani, yote kwa pamoja, faneli na kila kitu, kisha akamwambia madam, "Nyabo hajui kitu. Mwacheni arudi kazini." Akanipa mgongo, kama mtu anayeficha kitu kwa mwili wake. Mista Alden akasema khalas, yamekwisha, na kwa kuwa yeye ni mtu wa huruma hatapigia mtu simu, atavunja mkataba tu. Kwenye fomu madam aliandika sababu kwa neno moja, pombe. Keshokutwa yake asubuhi Hamidu aliondoka kwa gari la hoteli pamoja na wageni wawili wenye masanduku makubwa. Sikumsindikiza, nilijifanya nina zamu. Niliporudi nyumbani nilikuta lile kopo la unga wa wimbi limewekwa mlangoni kwetu, limefungwa kwa utepe wa karatasi, nusu limejaa. Sikulipika. Mende waliingia humo nikalitupa lote.

Mista Alden alinikabidhi rafu ya wiski mwezi uliofuata. Alinisifu mbele ya wageni, akasema nina ulimi wa ajabu. Rai ikarudi kuwa rai, hakuwa mjinga kuendelea na mchezo uliokwisha kugundulika, na mimi nikaimiminia watu nikiwaeleza kuhusu ghala asubuhi na jani la kijani na pilipili manga, maneno ya mtu mwingine, nikipewa bakshishi kwa ajili yake. Burboni ilinishinda tangu mwaka ule. Nikiinusa tu naona faneli. Rai naionja bado, kifuniko kimoja, kavu, na huniudhi kila mara kwa sababu haibembelezi. Nilimaliza mkataba, nikaongeza mwingine, nikarudi nyumbani na mtaji. Busia si mbali na Machakos, ni safari ya siku moja kwa basi. Sikuenda. Namba yake nilikuwa nayo, alikuwa humo kwenye kundi tangu lilipoundwa, haandiki kitu, jina lake tu limekaa katikati ya majina yetu. Nilijiambia amesahau. Nilijiambia kwao anajulikana, nani atamsadiki Kanyi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia.

Basi leo, nyuso za kucheka zikiwa bado zinaongezeka, nilibonyeza kitufe cha sauti kwenye lile kundi nikasema. Sikupanga maneno. Nikasema jina langu, nikasema: "Hamidu hajawahi kunywa. Aliyekuwa akinywa stooni ni mimi. Chupa alichanganya Mista Alden, nilimwona kwa macho yangu, na nilipoulizwa nilisema sijui. Kanyi, ulimnusa mikono ukasema mdomo. Futa ulichoandika." Sauti yangu ilipanda mwishoni, kwa hasira. Alama za kwamba wamesikia zikaanza kutokea, moja baada ya nyingine. Nikaona Kanyi yuko anaandika, akaacha, akaandika tena, akaacha. Kisha simu ikaita. Kwenye kioo palikuwa na jina la Hamidu.

Nilipokea nikiwa nimesimama. Ilikuwa sauti ya msichana, iliyochoka kwa kulia, na nyuma yake watu wengi na sufuria zikigongana.

"Naitwa Shamim. Simu ya Baba ninayo mimi. Nimekuwa nikisoma." Kisha akauliza: "Wewe ndiye nyabo?"

Nikasema ndimi.

"Hakututajia jina. Alisema tu huko kuna nyabo mmoja anayejua, na siku moja atasema. Wajomba walipokuja kumchukua Mama kwa sababu ya ile habari ya pombe, Baba aliwaambia hivyo hivyo. Ngojeni, yupo anayejua, atasema. Mama alikuwa akimuuliza, mpigie basi aseme. Baba akakataa. Alisema ana kazi yake, tusimharibie."

"Mama yako yuko wapi?"

"Yuko Tororo. Waliachana nikiwa na miaka kumi, auntie. Leo amekuja, lakini amekaa nje barabarani na kaka zake, hajaingia uani." Nikamsikia akivuta pumzi. "Sitaki kukugombeza siku ya leo. Wanakwenda kumwosha sasa hivi. Nitakutumia namba ya Mama, umpigie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nikimwambia atasema ni mtoto anamtetea baba yake."

"Nitampigia," nikasema.

"Lini?"

Nikaitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa saba na dakika chache. Nikamwambia asikate simu, anisomee namba.